Kwilti ya nyuzi 8, nimetetemeka kwenye nyuzi 13. Nimekosea wapi?

Bi Hema

Wakuu habari zenu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu, kuchangia sichangii, ila hili limenikaa rohoni wiki nzima na nyumbani hakuna anayetaka kulisikia tena. Mume wangu kasema nirudie begi langu la zamani, kesi imekwisha. Haijaisha.

Kwa miaka mingi nimelala kambini ndani ya begi la kulalia la nyuzi za kiwandani, lile la zipu ubavuni, kilo 1 na gramu 400. Msimu wa joto lilikuwa adhabu. Nikifunga zipu natoka jasho hadi visigino. Nikiifungua, upande mmoja unapigwa na upepo na mwingine unachemka. Halafu mimi ni mtu wa kulala ubavu, na kwa usiku mmoja nageuka mara ishirini. Begi nalo linageuka na mimi, asubuhi naikuta zipu iko chini ya tumbo na kofia ya begi imenifunika uso kama nimetekwa.

Miezi miwili iliyopita nikahamia kwenye kwilti. Kwa wasioijua, ni kama duveti ndogo ya safari: haina mgongo wala kofia, unajifunika juu tu, chini unalalia godoro lako. Yangu ina gramu 440 yote kwa yote, ndani manyoya laini ya bata gramu 230, kiwango cha kuumuka 850, na mtengenezaji kaiandikia kuwa inafaa hadi baridi ya nyuzi 8. Upana sentimita 135. Miguuni ina zipu fupi na kamba ya kukaza: ukitaka unaifunga iwe kifuko cha miguu, ukitaka unaifungua iwe bapa kama shuka. Ikishindiliwa inakuwa ndogo kuliko kichwa changu, na mimi si mtu wa kichwa kikubwa.

Safari ya kwanza ilikuwa ya usiku tatu.

Usiku wa kwanza jioni ilikuwa nyuzi 23, alfajiri 17. Nina kipimajoto kidogo nakitundika ndani ya hema, ni ugonjwa wangu, msinicheke. Nililala mguu mmoja nje, mkono mmoja nje, kwilti imenifunika tumbo tu, na kila nikigeuka yenyewe inabaki pale pale. Nilisema kimoyomoyo, miaka yote hii nilikuwa wapi?

Usiku wa pili hewa ilikuwa nzito, hakuna upepo, kuta za hema zinatoa jasho. Kwilti ikawa inanigandia begani. Asubuhi nikaikuta ina unyevunyevu upande wa ndani, nikafanya kama nilivyosoma humu humu: nikafunga kamba kati ya miti miwili, kivulini penye upepo, nikaianika tangu saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni tukiwa matembezini. Tuliporudi ilikuwa imekauka vizuri.

Usiku wa tatu mbingu nyeupe kwa nyota. Saa 10 alfajiri naamka natetemeka. Natazama kipimajoto: 13. Kumi na tatu! Na mimi nimejifunika kitu cha nyuzi 8! Nikavaa koti la mvua ndani ya kwilti, nikavaa soksi mikononi, nikakaa macho hadi kukucha. Baridi yenyewe ilinishika kifuani na tumboni. Mgongo ulikuwa sawa, miguu sawa.

Nalalia povu la kukunja la sentimita 2, si jipya sana. Nina miaka 46, kama hilo linahusika.

Sasa niambieni. Nimeuziwa kanyaboya? Au kwilti haitufai sisi wa kulala ubavu? Au ni mwili tu umeanza kunikana?

KobeMbio

Godoro.

Kila msimu mtu anakuja na kesi hii na kila msimu jibu ni godoro. Kwilti haina mgongo kwa sababu manyoya ukiyalalia yanabanwa yanakuwa karatasi, hayashiki hewa tena, kwa hiyo ni mzigo wa bure. Hiyo ndiyo hoja aliyokuja nayo Ray Jardine, yule mtembezi wa Marekani aliyezieneza kwilti miaka ya 1990: kitu kisichofanya kazi kiache nyumbani. Lakini maana yake kazi yote ya chini anaachiwa godoro, na povu lililobonyea halizuii kitu.

Tazama namba ya R kwenye godoro, ile inayoonyesha linavyozuia joto lako lisipotelee ardhini. Tangu kipimo cha ASTM F3340 kitoke mwaka 2018, watengenezaji wanaokifuata wanapima kwa njia moja, unaweza kulinganisha la huyu na la yule bila kubahatisha. Kwa msimu wa joto, R ya 2 inawatosha watu wengi. Godoro la upepo mtupu lisilo na chochote ndani linakaa karibu na 1, kwa sababu hewa inazunguka mle ndani inachukua joto lako inalipeleka ardhini. Na R zinajumlishwa: povu la 2 chini, la upepo la 1 juu, unapata 3. Nunua povu jipya ulale.

Fundi Sindano

Kobe, ulisoma hadi mwisho? Dada kasema mgongo ulikuwa sawa. Na analala ubavu. Baridi ya kutoka chini kwa mtu wa kulala ubavu ina sehemu zake, nyonga na bega la upande alioegemea ndivyo vinavyolalamika kwanza. Yeye kalalamikia kifua na tumbo, yaani pale hasa palipofunikwa na kwilti. Godoro halijashitakiwa hapa.

Bi Hema, mimi nashona kwilti. Si biashara, ni wazimu tu. Nimeshashona tano, na ile ya kwanza nilifungua mfuko wa manyoya dirisha likiwa wazi, mpaka leo nikisogeza kabati nayakuta. Kabla ya kukuambia umetapeliwa, naomba unijibu mambo mawili. Vyumba vya kwilti yako, ile mistari ya mishono, inakwenda kutoka kichwani kuelekea miguuni, au inakatiza mwili, kutoka ubavu hadi ubavu? Na ulipoianika kwenye kamba, uliikunja vipi? Halafu usiku huu zima taa za chumbani, muombe mume wako akushikie tochi kali nyuma ya kwilti, uitazame kwa mbele. Rudi utuambie umeona nini.

Wakati unangoja giza, hili la namba. Kile kipimo cha ISO 23537 ambacho watu wanakitaja kimetungwa kwa ajili ya mabegi ya kulalia: wanalaza sanamu lenye vipasha joto ndani ya begi, juu ya godoro, wanapima joto linalopotea. Zinatoka namba kadhaa. Moja ya starehe, imepigiwa hesabu kwa mwanamke wa kawaida aliyelala ametulia. Nyingine ya ukomo, kwa mwanamume aliyejikunyata. Kwilti haina mgongo wala kofia, kwa hiyo mtengenezaji anajiandikia namba kwa busara yake, na wengi busara yao inaegemea kwenye ukomo. Nyuzi 8 ya ukomo kwa mwanamke inaweza kumaanisha starehe kwenye 12 au 13. Kwa hiyo hapo ulikuwa ukingoni tayari. Lakini ukingoni mtu anajikunja na kunung'unika, havai soksi mikononi. Kuna jambo jingine, na nadhani nalijua, ila nataka ulione kwa macho yako.

Hesabu zako za uzito hazina shida, kwa hiyo kanyaboya sioni. Kiwango cha kuumuka kinapimwa hivi: unachukua aunsi moja ya manyoya, kama gramu 28, unaiweka kwenye silinda, unatazama inajaza inchi za ujazo ngapi. Za 850 zinajaza karibu lita 14. Wewe una gramu 230, yaani zaidi ya lita 110 za hewa iliyotulia juu yako. Manyoya yenyewe hayana joto lolote, watu wanasahau, kazi yao ni kuizuia hewa isitembee. Mwaka 1922 George Finch alikwenda Everest na koti alilojibunia la kitambaa cha puto lililojazwa manyoya ya bata, wenzake wako kwenye sufu. Kanuni ni ile ile: kitambaa kinazuia upepo, manyoya yanashikilia hewa, mwili ndio jiko.

Lita 110 zikitandazwa sawasawa juu ya mtu, nyuzi 13 hazikutishi. Neno la kuangalia ni hilo, sawasawa.

Mvua Kubwa

Mie nakaa kwenye unyevu mwaka mzima kwa hiyo kila kitu naona unyevu, mnisamehe. Ule usiku wa pili ndio ulioanza kuharibu. Manyoya yakilowa yanashikana, yakishikana hayaumuki. Jasho lako la masaa nane linapita kwenye kwilti, na hewa ikiwa imeshiba maji halina pa kwenda. Ukiona kuta za hema zinatoa jasho, fungua milango yote ya hema hata kama unaogopa baridi, bora upepo kidogo kuliko bwawa.

Zipo kwilti za manyoya yaliyotiwa dawa ya kufukuza maji. Zinachelewesha kulowa, hazikatazi. Mimi binafsi penye mvua natumia kwilti ya nyuzi za kiwandani. Ni nzito zaidi na ikishindiliwa inabaki kubwa, ila ikilowa bado inanibeba.

Bi Hema

Nimerudi. Jamani.

Kwanza majibu. Vyumba vinakatiza, kutoka ubavu hadi ubavu, na kila chumba ni kirefu mfululizo, hakina ukuta katikati. Kuianika niliikunja kwa urefu, kamba inapita katikati ya kwilti kutoka kichwani hadi miguuni, nusu inaning'inia huku na nusu kule, kama unavyoanika shuka. Nani anaanika vingine?

Sasa ya tochi. Mume wangu alishika tochi nyuma huku akisema haya ndiyo maisha aliyojichagulia. Pembeni, kushoto na kulia, giza tupu, mnene kama mto. Katikati, kuanzia shingoni hadi magotini, ukanda wa upana wa kama shibiri mbili na nusu unapitisha mwanga. Niliona vidole vyake! Nilivihesabu! Kuna vyumba viwili kifuani ambavyo katikati vina vitu kama mawingu matatu manne yanayoelea, basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya kifua changu usiku ule. Vitambaa viwili vyembamba na heri.

Fundi, hii ni kasoro ya kiwandani au ni mimi?

Fundi Sindano

Ni wewe na kamba yako, na nimefurahi sana, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo na kwilti yangu ya pili na nikakaa mwezi mzima namlaani aliyeniuzia manyoya.

Ilivyo ni hivi. Vyumba vinavyokatiza mwili bila ukuta katikati ni mirija. Manyoya ndani yake hayajashikizwa popote, yanakaa mahali kwa sababu tu yamejaa na yanasukumana. Kwilti ya msimu wa joto inatiwa manyoya machache, kwa hiyo kusukumana hakupo sana, kuna nafasi ya kutembea. Ukiitundika kwa katikati, kila mrija unakuwa na mteremko kushoto na mteremko kulia. Upepo unaitikisa masaa manane. Manyoya yanashuka taratibu kuelekea pembeni, na jioni unaivaa ikiwa na upara katikati. Na wewe ulipokuwa unageukageuka, yale yaliyojaa pembeni yakawa yamelala kwenye godoro, hayafanyi kazi yoyote.

Dawa yake haina gharama. Itandaze bapa kitandani, shika ukingo mmoja, anza kupigapiga kwa kiganja kutoka pembeni kuelekea katikati, chumba kimoja kimoja. Usivute wala kufinya, pigapiga tu kama unamtoa mtoto gesi. Halafu upande wa pili. Dakika kumi zinatosha. Itazame tena kwa tochi. Ukiona mabonge yaliyoshikana, yale yana mafuta ya mwili au unyevu, yafikiche taratibu kwa vidole juu ya kitambaa hadi yaachane.

Kuanika, itandaze bapa. Juu ya hema, juu ya kichaka kisicho na miiba, juu ya mwamba uliotandikwa kitu. Kama huna ila kamba, basi izungushe: kamba ikatize kutoka ubavu hadi ubavu, ili mirija ilale usawa badala ya kuwa mteremko. Jua kali lisizidi saa moja hivi, nailoni nyembamba inachakazwa na jua.

Halafu jambo ambalo utalipenda. Ugonjwa huo huo ni dawa usiku wa joto. Usiku kama ule wa kwanza, nyuzi 23, ukiitikisa makusudi ili manyoya yaende pembeni, unabaki na ukanda mwepesi kifuani. Ukienda mahali pa baridi, unayarudisha katikati na hata unayapunguza pembeni. Ndiyo maana mimi vya kwangu vya kiangazi navishona hivyo hivyo bila ukuta, na vya baridi navitia ukuta. Kuna wanaochagua vyumba vya kutoka kichwani kuelekea miguuni ili manyoya yasitembee pembeni, nao wana hoja, ila vikilegea manyoya yanashuka miguuni.

Na usiku wenyewe haukukuonea huruma. Mbingu ikiwa wazi ardhi inatoa joto lake moja kwa moja kwenda juu, kitu chochote kisichofunikwa kinapoa kuliko hewa yenyewe. Hema likiwa chini ya mti linapoa polepole zaidi, kwa sababu mti unakuwa paa. Bondeni kwenye kishimo ni kubaya zaidi, hewa baridi ni nzito inatiririka kama maji inajikusanya huko. Tena saa 10 alfajiri ndiyo saa ambayo mwili wenyewe unashusha joto lake chini kabisa kabla ya kuamka. Yote hayo yalikukuta una upara kifuani. Miaka 46 haina kosa.

KobeMbio

Haya, sasa nimesoma yote. Nakubali, kesi ya upara sijawahi kuiona. Vidole vya mume ndani ya kwilti, hiyo nimeicheka sana.

Ila godoro lako bado libadilishe.

Lala Hewani

Samahani kuingilia. Sisi wa kulala kwenye bembea la kamba, kwilti hii inatufaa?

Fundi Sindano

Juu inafaa sana, hata kuliko kwenye hema, kwa sababu bembea linakukumbatia ubavuni na upepo haupenyi. Chini ndiko kwenye kazi: mgongo wako unaning'inia hewani na upepo unapita chini yako usiku kucha, hata kwenye nyuzi 20 utaulalamikia. Unahitaji kwilti ya pili inayotundikwa kwa nje, chini ya bembea, isibanwe na mwili. Ikibanwa umerudi kule kule. Fungua mada yako tuseme vizuri.

Mvua Kubwa

Bi Hema, kwa kuwa umetaja kugandia begani: ifue. Miezi miwili ya jasho na krimu za ngozi inatosha kuyachosha manyoya, hasa upande wa shingoni. Sabuni iwe ile maalumu ya manyoya, au sabuni laini kabisa isiyo na manukato. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inayapaka manyoya yanashikana. Beseni kubwa, maji vuguvugu, bonyezabonyeza, suuza hadi povu liishe kabisa, halafu suuza tena mara nyingine ambayo unaona haina maana.

Kuitoa kwenye maji ndiko watu wanakoharibu. Ikilowa ni nzito, ukiinyanyua kwa ncha moja kuta za ndani zinachanika na hutaziona. Ingiza mikono yote miwili chini yake uibebe kama mtoto. Mashine ya kukausha, moto wa chini kabisa, tia na mipira miwili mitatu ya tenisi iwe inayatwanga mabonge. Masaa matatu au zaidi. Ukidhani imekauka, bado. Ukiishika ukasikia kibonge hata kimoja, bado. Kama mashine huna, itandaze bapa penye hewa, uifikiche kila ukipita, inaweza kuchukua siku kadhaa.

Na nyumbani usiihifadhi kwenye ule mfuko wake mdogo wa safari. Iweke kwenye mfuko mkubwa wa pamba au itundike kabatini... nimeandika itundike. Usiitundike. Itandaze juu ya kabati.

Bi Hema

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu na ripoti, kwa sababu nachukia mada ambazo mwenye swali anapotea.

Nilipigapiga kama Fundi alivyosema. Dakika kumi hazikutosha, nilitumia arobaini, maana mara ya kwanza nilisukuma yote katikati nikawa na mlima kifuani na pembeni patupu. Mara ya pili ikakaa. Tochi tena, mume tena, vidole havionekani. Kabla ya hapo niliifua kama Mvua Kubwa alivyoelekeza. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai, niliona aibu peke yangu.

Jumamosi iliyopita tulirudi. Mahali pa juu zaidi ya pale pa kwanza kwa mita 300 hivi. Nilikumbuka ile hesabu ya kupanda kilomita moja na kupoteza nyuzi kama 6 na nusu, nikajua nitashuka karibu nyuzi 2 hata kabla ya usiku kuanza. Hema nililiweka chini ya mti, si kishimoni. Jioni nyuzi 19. Nilianza nikiwa nimeiachia yote bapa, miguu nje. Saa 6 usiku nikaivuta hadi kiunoni, saa 8 nikafunga kifuko cha miguu.

Hapo kuna tundu. Ukishakaza kamba ya miguuni panabaki tundu la ukubwa wa ngumi ndogo, na upepo unalijua tundu hilo kuliko mimi. Nililiziba kwa soksi iliyokunjwa. Pia shingoni: nilikuwa nimezoea begi lenye kofia, kwilti inaishia mabegani, kichwa kinabaki ni changu. Nilivaa kofia ya sufu na nikajifunga skafu, nikaona tofauti papo hapo.

Na zile kamba za mpira za kuifunga kwilti kwenye godoro, ambazo safari ya kwanza niliziacha nyumbani kwa kuokoa gramu 30, nilizitumia. Kwa mtu wa kulala ubavu zinasaidia kwa namna ambayo sikuitegemea: kwilti inabaki kwenye godoro, mimi nageuka ndani yake. Nilizilegeza kidogo ili magoti yapate nafasi. Zikikazwa sana, ukikunja magoti kwilti inanyanyuka mgongoni na kufungua dirisha.

Saa 10 alfajiri niliamka, nadhani kwa mazoea ya hofu tu. Kipimajoto: 12. Nilikuwa na joto la kawaida, tumbo limetulia. Nikageuka upande wa pili nikalala hadi saa 1.

Kobe, nyonga ya kushoto ilipoa kidogo. Kidogo. Nimeagiza povu jipya, usiseme kitu.

Fundi, nina swali moja dogo. Kuna manyoya yanachomoza kwenye kitambaa, kama vijiti vidogo, nimevuta kimoja kikatoka na mkia wake wote. Niviondoe?

Fundi Sindano

Usivute! Kila ukivuta unapanua tundu na wenzake wanafuata. Kishike kwa upande wa pili wa kitambaa, kwa vidole viwili, ukirudishe ndani, halafu sugua mahali hapo kwa kidole nyuzi za kitambaa zijifunge. Hivyo vijiti ni manyoya yenye mfupa, huchanganyika kidogo hata kwenye manyoya mazuri.

Na manyoya hayo ya 850 usije ukashawishika kuyabadilisha kwa ya 950, najua utaanza kuyatazama. Kwa gramu 230 ulizonazo, kufikia uumukaji ule ule kwa 950 ungehitaji kama 206. Unaokoa gramu 24. Soksi yako ya tundu la miguuni ina uzito zaidi ya hapo.

KobeMbio

Povu lina R ngapi?

Bi Hema

2.